Maswali ya Wafanyabiashara: Zawadi kwa Mteja Uliyemnyima Chenji

Kila Desemba inapokaribia, maswali yanayonifikia hufanana kama maandazi ya kikaango kimoja: nimpe mteja nini? Nimechagua machache ambayo angalau yana jambo ndani yake.

Kila mwaka nachapisha kalenda na kuwagawia wateja, lakini sioni wakifurahi. Mwaka huu niwape nini? (Muuza duka la rejareja, Temeke)

Kalenda yenye picha ya duka lako ni tangazo lako. Umelitundika kwenye ukuta wa mtu mwingine, kisha unataka akushukuru. Kabla ya kufikiria zawadi, hebu tazama kaunta yako. Mwezi uliopita nilinunua bidhaa za shilingi 850 katika duka moja, nikatoa noti ya shilingi 1,000, na muuzaji akanisogezea pipi tatu bila hata kuinua macho. Nilipomuuliza kama kesho nitaweza kununua chumvi kwa pipi hizo hizo, alicheka, mimi sikucheka. Mteja aliyelishwa pipi mwaka mzima badala ya chenji yake hatalainishwa na kalenda, na mizani ambayo haijahakikiwa na Wakala wa Vipimo tangu mwaka juzi huenda inamwibia gramu kidogo kidogo hata kama mwenye duka hakukusudia.

Ukishayarekebisha hayo, fungua daftari lako uwatafute wateja kumi au kumi na watano ambao manunuzi yao ndiyo yanayolipa kodi ya pango. Wape kitu kinachotoka rafuni kwako na kinachoingia jikoni kwao, kama kilo ya sukari au lita ya mafuta, na umkabidhi kila mmoja kwa mkono wako huku ukimtaja kwa jina. Wala usimsahau mtoto anayetumwa dukani. Mara ngapi umemwona amesimama na noti yake mkononi, watu wazima wakimpita juu ya kichwa, nawe ukiwahudumia wao kwanza? Nyumbani ataulizwa kwa nini amechelewa, na jibu lake ndilo litakaloamua kesho atatumwa duka gani.

Nifanye punguzo kwa wateja wanaokula kwangu kila siku? (Mama lishe, Mwanza)

Usifanye hivyo, mama yangu. Tuseme sahani ya wali na maharage unaiuza shilingi 2,500 na faida yako ni 600. Ukipunguza 500 utabaki na 100, ilhali upawa mmoja wa maharage ya ziada haukugharimu zaidi ya 150 au 200. Isitoshe, bei iliyoshuka hairudi juu bila ugomvi, na mteja wa meza ya pili akisikia kwamba wa meza ya kwanza analipa pungufu, atajiona amepunjwa. Wazee wetu wa sokoni walilijua hili tangu zamani, ndiyo maana muuza nyanya hukuuzia fungu kwa bei yake, kisha akakutupia mbili za nyongeza. Nyongeza ni hiari yako, na siku mambo yakiwa magumu unaweza kuiacha bila kubadili bei.

Nimekusanya namba za wateja kutokana na malipo yao ya simu. Naweza kuwatumia wote ujumbe wa shukrani na matangazo ya bidhaa mpya? (Muuza vipodozi, Dodoma)

Swali hili nimelijibu zaidi ya mara tatu, na sipendi kulirudia. Mteja alikulipa, hakukukabidhi namba yake uitangazie biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa. Muulize anapolipa kama angependa kupokea ujumbe wako, na akikataa, mwache. Na kumuingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili bila idhini yake, kisha kumwandikia “asante kwa kutuamini”, ni ukosefu wa adabu uliovalishwa kanzu.

Mteja wangu mwaminifu nimshonee nini cha bure? (Fundi cherehani, Tanga)

Mshonee nguo yake iwe tayari siku uliyomwahidi.

Nataka kuchezesha bahati nasibu: anayenunua kuanzia shilingi 20,000 apate tiketi, na mshindi achukue runinga. Kuna ubaya? (Muuza vifaa vya nyumbani, Morogoro)

Nenda kwanza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ukaulize kuhusu kibali, kisha rudi ujiulize ni shukrani gani hiyo inayomfurahisha mtu mmoja na kuwaacha mia wakinong'ona kwamba mshindi ni shemeji yako.

Mteja wangu wa miaka mingi ana deni la shilingi 46,000. Nimfutie kama shukrani? (Muuza duka, Kibaha)

Ukimfutia kimyakimya hutakuwa umefanya kitu, kwa sababu mwenye deni huona haya na huanza kupitia mtaa wa nyuma. Fedha zake taslimu atazipeleka kwa jirani yako, na kwako atarudi siku amekwama. Kama umeamua, mwite, uchane ukurasa mbele yake, na umweleze waziwazi kwamba mkopo mpya utakuwa na kikomo. Hata hivyo, kabla hujachana, pitia daftari zima. Huenda yumo anayelipa kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa na ambaye hujawahi kumpa hata kiberiti, na huyo ndiye niliyetarajia uniulize habari zake.