Ukitaka kuchora dhahania, anza na fundi wa kwenu

Kijana akichoka kuchora twiga na majahazi, akataka kuingia kwenye sanaa dhahania, ile isiyochora vitu kama vilivyo, huniuliza kwanza anunue rangi gani. Mimi humuuliza: kwenu nani alikuwa fundi, na wa kitu gani?

Kwetu alikuwa bibi mzaa mama, msukaji wa mikeka. Alichemsha miyaa kwenye rangi, akaianika, akasuka ukili mrefu, ndipo akaushona mpaka mkeka ukatimia. Mimi nilikuwa wa kumpitishia miyaa. Nyekundu ikikaa kando ya ile isiyotiwa rangi, iliwaka. Ikikaa kando ya zambarau, ilififia. Mistari ilipofika kwenye mshono ilihama kidogo, na jicho likaendelea kuifuata. Hapakuwa na sura ya mtu wala mnyama, na bado hukuchoka kuutazama. Elimu hiyo ndiyo ninayochorea hadi leo.

Mtazame mchoraji Ibrahim El-Salahi wa Sudan, mzaliwa wa Omdurman, 1930. Baba yake alifundisha Kurani, naye akajifunza hati kwenye ubao wa chuoni tangu utotoni. Akasoma chuo cha sanaa cha Slade, London, kuanzia 1954, akarudi Khartoum na picha ambazo watu hawakuzijali. Ndipo alipozirudia herufi za Kiarabu, akazivunjavunja mpaka maumbo mapya yakachomoza ndani yake. Mwaka 2013 Tate Modern, jumba la sanaa la London, ilimfanyia maonyesho makubwa.

Lakini usinakili mkeka wa bibi kwenye turubai. Utapata picha ya mkeka tu. Chukua kanuni yake moja. Anza na rangi mbili na weupe wa turubai, uone mistari inakupeleka wapi. Rangi ya mafuta inayong'aa, waliyoizoea wachoraji wa Tingatinga juu ya hadibodi, inafaa sana kwa kingo safi, ila hukawia kukauka. Kwa tabaka juu ya tabaka, tafuta akriliki, rangi ya kuchanganya na maji inayokauka upesi. Ni ghali, kwa hiyo nunua rangi chache nzuri, seti nzima iache dukani.

Twiga usiwaache ghafla kama ndio wanaolipa kodi ya nyumba. Na nyumbani wakiuliza "hii ni nini?", usiwahutubie. Waambie ulianza na rangi ipi, na kwa nini ukaweka ile ya pili pale. Mama yangu mdogo, naye msukaji, hunionyesha mstari uliozidi uzito, na mara nyingi ni uleule ulionisumbua tangu asubuhi.