Usiguse bisibisi bado: kwa fundi anayeanza na oskiloskopu za zamani

Ukiletewa oskiloskopu (mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) ya mtumba, yenye skrini nyeusi, mkono utakuwasha kuchukua bisibisi na kuzungusha vile vidude vidogo vya kurekebishia vilivyo ndani. Jizuie. Mashine ilikuja na hitilafu moja. Ukizungusha vidude sita itakuwa na saba, na hizo sita ni zako. Mara nyingi tatizo liko kwenye umeme wa ndani, kwa hiyo anzia huko.

Tuchukue Tektronix 465, ya megahezi 100, iliyotoka mwaka 1972. Ni mashine nzuri ya kujifunzia kwa sababu transista zake nyingi zimekaa kwenye soketi, na manyuali yake ina michoro yote ya saketi. Ipakue kabla hujafungua kifuniko.

Kabla ya kuchomeka, tazama mgongo wa mashine. Zilizotoka Marekani huwa zimewekwa kwenye volti 115, na sisi hapa Kenya ukutani tuna 240. Hamisha swichi hadi 230, na kama kuna ngazi ya chini, ya kati na ya juu, chagua ya juu. Fyuzi nayo ibadilishwe: volti zikiwa mara mbili, ampea ni nusu. Ukiacha ile ya zamani, transfoma ndiyo itakayoungua ikiilinda fyuzi.

Kagua pia kapasita zilizo pale umeme unapoingilia. Vifaa kadhaa vya miaka ya 1970 na 1980 vina zile za karatasi za chapa ya RIFA, zenye ganda la manjano linaloonyesha ndani. Ganda likipata nyufa, unyevu huingia, na siku ya kuwashwa chumba hujaa moshi. Hizo hazipimwi, hung'olewa. Weka aina ya X2 yenye maikrofaradi zilezile, ya volti 275 AC. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa 400V haifai hapo, maana X2 imeundwa isiwashe moto inapokufa. Iliyounganishwa kati ya umeme na mwili wa mashine ni ya daraja Y, usiiwekee X2.

Washa mara ya kwanza ukiwa umeunganisha balbu ya waya ya wati 60 hadi 100 mfululizo na waya wa moto. LED haifanyi kazi hii. Ya halojeni inafaa. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki kali, kuna shoti. Mbinu hii ni ya mashine zenye transfoma kubwa ya kawaida. Zenye pawa saplai ya kuswichi, kama Tektronix 2465, zinaweza kuwaka na kuzima ovyo kwenye balbu, nawe ukadhani zimekufa.

Zima, chomoa, subiri, kisha pima ohmu kati ya ardhi na kila laini ya umeme wa ndani: +110, +55, +15, +5 na −8. Ukikuta ohmu moja au mbili, mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu. Ziko nyingi, zimetapakaa kwenye bodi zote, na mwenye pupa hung'oa moja baada ya nyingine mpaka njia za shaba zinabanduka.

Fanya hivi badala yake. Chukua pawa saplai yenye kikomo cha ampea, iweke volti 1 na ampea 1, hasi kwenye ardhi na chanya kwenye laini yenye shoti (kwa −8 geuza nyaya). Weka mita kwenye milivolti, ncha moja kwenye ardhi, nyingine uitembeze juu ya njia ya shaba. Shaba nayo ina ukinzani kidogo, na karibu umeme wote unakimbilia kwenye shoti. Basi milivolti zitapungua kadiri unavyokaribia. Ukiingia tawi lisilo na shoti, namba haisogei tena. Rudi, fuata tawi linaloendelea kushuka. Mahali inapogota, inua mguu mmoja wa kapasita upime tena.

Mbadala uwe wa volti angalau mara mbili ya laini. Ukinunua kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara ya Luthuli, Nairobi, pima hapohapo kaunta. Na angalia alama: kwenye tantalamu mstari huonyesha chanya, kwenye elektroliti ya alumini mstari huonyesha hasi. Kosa hili hulipuka. Kwenye laini ya −8, mguu wa chanya ndio unaokwenda ardhini.

Shoti ikiisha, ondoa balbu upime volti. Anza na +55, kwa kuwa nyingine zinaitegemea. Ikipotoka, zote hupotoka. Kisha pima mawimbi yanayobaki juu ya volti. Vitabu vya Marekani vitakutajia hezi 120. Kwetu ni 100. Mita za bei nafuu hudanganywa na DC zikiwa kwenye AC, kwa hiyo pitisha waya wa kupimia kwenye kapasita ya filamu ya maikrofaradi 0.1, volti 250. Ukisoma volti nzima badala ya milivolti chache, kapasita kubwa za kuchuja zimechoka.

Upande wa skrini kuna takriban volti −2,450 kwenye kathodi, na jumla ya kama volti 18,000. Mita ya kawaida usiipeleke huko. Tumia probu ya volti za juu, mkono mmoja nyuma. Vumbi letu jekundu lifutwe kabisa, kwani hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, huruhusu cheche kuruka kirahisi zaidi kuliko Mombasa.

Swichi zinazokwaruza usizipulizie WD-40 wala kuzisugua kwa pamba. Vidole vya kontakti hupinda. Pitisha polepole ukanda wa karatasi uliolowa spiriti ya isopropili.

Volti zote zikiwa sawa na skrini bado nyeusi, bonyeza kitufe cha BEAM FIND, kinachoirudisha ndani ya skrini nukta iliyotoka nje. Nukta ikijitokeza, volti za juu ni nzima. Ikikaa juu au chini, tatizo ni amplifaya ya wima. Ikiegemea kushoto au kulia, ni ya mlalo. Zima, chomoa transista za upande huo moja moja na kuzirudisha kila moja kwenye soketi yake, kisha washa tena kabla hujanunua chochote.