Kuzunguka Posta kwa miguu siku moja

Mkuu, umeuliza kama siku moja inatosha kuliona jiji la Dar bila gari. Kwa katikati ya mji, yaani Posta, inatosha kabisa, ila anza mapema kabla jua halijawa kali.

Fika soko la samaki la Feri saa moja asubuhi, wakati mnada wa samaki umepamba moto. Vaa viatu visivyoteleza, sakafu imejaa maji na magamba. Kisha fuata barabara ya Kivukoni, bahari ikiwa kushoto kwako: utapita kanisa la Kilutheri la Azania Front, halafu kanisa la Mtakatifu Yosefu, mpaka Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar. Hapo usipite haraka. Simama mlangoni uguse ule ubao wa nakshi, utazame na kuta za mawe ya matumbawe.

Rudi kwa barabara ya Samora hadi Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, bayoneti yake imeelekea bandarini. Mchana jua likichoma, ingia Makumbusho ya Taifa, kuna habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye fuvu lake liligunduliwa Olduvai 1959. Bustani ya Mimea iko jirani, kapumzike kivulini.

Kariakoo iache siku nyingine, inataka siku yake.