“Mama, na mimi utanifungisha?”

Shangazi, shikamoo. Naishi Malindi, nina watoto watatu. Wifi yangu aliingia na wanawe wawili msitu wa Shakahola, kule waumini walikofundishwa kufunga kula hadi kufa, hakuna aliyetoka. Mume wangu alitoa sampuli ya DNA. Mtoto mmoja tumeshamzika. Mama yake na mdogo wake hatujaambiwa lolote. Tangu hapo mume wangu hataki kusikia kanisa likitajwa. Nikimshika kwa maneno ananijibu, “Dada yangu alikwenda kuomba.” Mimi nimelelewa kanisani, siwezi kuianza siku bila sala. Sasa kifunguamimba wangu, binti wa miaka tisa, amekataa shule ya Jumapili. Aliniuliza, “Mama, na mimi utanifungisha?” Nikakosa la kusema. Ramadhani iliyopita alimpelekea mama jirani maandazi mchana kwa kificho, akihofia jirani atakufa kwa kufunga. Je, niendelee kuwalea katika imani, au niwaache wakue kwanza?
Mama Watatu, Malindi

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba, na kwa huo mwingine ambao bado hamjaruhusiwa hata kuuzika.

Nitaanza na binti, kwa sababu ameuliza na bado anasubiri. Mjibu leo, kabla hajalala. Mwambie: “Hapana. Sitakufungisha. Nyumba hii hakuna mtoto atakayekaa na njaa kwa ajili ya Mungu. Mtu yeyote akikukataza kula, awe mchungaji, awe ni mimi mama yako, kimbia ukamwambie baba.” Hilo la “awe ni mimi” litakuuma, lakini usiliruke. Mtoto huyu ameshasikia kwamba wengi wa watoto wale waliingia porini wakiwa wameshikwa mkono na wazazi wao. Ndiyo maana swali amekuletea wewe.

Kisha mkiwa mezani, chakula kikiwa mbele yenu, msomee Marko sura ya 5, habari za binti wa Yairo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, karibu rika lake. Yesu anamshika mkono, msichana anasimama na kutembea, watu wanashangaa mno. Pale pale angeweza kuagiza shukrani, au sadaka, au mkesha wa maombi. Mstari wa 43 unasema “akaamuru apewe chakula.” Basi. Mwache binti yako aurudie mstari huo kwa mdomo wake mwenyewe, huku anatafuna.

Usikubali mtu akwambie kuwa hofu yako ni upungufu wa imani. Sisi wa Malindi hatukuyasoma haya kwenye gazeti la mbali. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msituni, ikaletwa kwenye mochari ya hospitali yetu. Februari 2024, katika mahakama ya hapa hapa Malindi, mchungaji wa Shakahola, Paul Mackenzie, na wenzake walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakayakana. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, kaunti yetu hii hii ya Kilifi. Mama anayechungulia mlangoni kabla ya kumwacha mtoto wake ndani anafanya kazi aliyopewa na Mungu.

Sasa, uchungulie nini? Angalia mambo ya Shakahola yalivyokwenda kwa mpangilio wake. Njaa ilikuja mwisho. Kwanza shule iliitwa ya shetani. Tayari mwaka 2017 kulikuwa na watoto walioachishwa masomo kwa mafundisho hayo hayo. Hospitali nayo ikakataliwa. Watu wakauza vitu vyao, wakaagana na ndugu, wakahama. Kwa hiyo muulize mchungaji wako waziwazi kuhusu shule na chanjo, na uone anavyowazungumzia ndugu wasiosali naye. Mwulize jambo gumu mbele ya watu, halafu Jumapili inayofuata utazame kama bado unasalimiwa. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Na darasa la watoto, ingia ukae nyuma. Kama hawataki mzazi aketi, chukua watoto wako uondoke siku hiyo hiyo.

Binti asilazimishwe kurudi shule ya Jumapili. Akae kando yako kwenye benchi la watu wazima hadi mwenyewe aseme yuko tayari.

Kuhusu kufunga: mwombe mama jirani, Ramadhani ikifika tena, amkaribishe binti yako futari jioni moja. Aione adhana ya magharibi ikiita na watu wakinyosha mikono kuchukua tende na uji. Amsikie jirani mwenyewe akimweleza kwamba mtoto mdogo halazimiki, na mgonjwa na mjamzito wana ruhusa. Alimpelekea maandazi kwa mapenzi, na anastahili kujua kuwa jirani yake hakuwa akifa. Wewe nawe, kwa sasa, acha kufunga chakula mbele ya watoto. Isaya 58 inaitaja saumu anayoitaka Bwana, na ndani yake kuna “kuwagawia wenye njaa chakula chako.” Funga hiyo. Pika sufuria moja zaidi, uipeleke pamoja na binti kwa mtu mwenye shida.

Baba watoto amesema kweli. Dada yake alikwenda kuomba. Usimjibu kwa aya, na watoto wasikusikie hata siku moja ukisema baba yao amerudi nyuma. Familia zilianza kukabidhiwa miili Machi 2024 baada ya vipimo. Yeye amepewa mmoja, wawili bado anawangoja. Mpe mamlaka ya kweli katika jambo hili. Aseme yeye: watoto hawaendi kesha, hawalali kambi ya kanisa bila yeye, akitaka kuja kukagua darasa aje. Hahitaji kuomba nawe ili awe mlinzi wa nyumba. Lakini na wewe usisali kwa kujificha. Yale ya porini yalilelewa na siri, na mtoto akikuona unamficha baba sala zako, atajua sala ni kitu cha kuficha.

Kuwaacha wakue kwanza, hapana. Binti yako tayari anamuwaza Mungu usiku, na mwenye kumsimulia asipokuwa wewe atakuwa mwingine. Punguza tu maneno. Sala fupi ya kulala, kila mtoto aseme lake, na kulalamika kuruhusiwe. Zaburi ya 13 inaanza hivi: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?” Kama mwandishi wa Zaburi aliruhusiwa kusema hivyo, wanao wameruhusiwa pia. Watajeni binamu zao kwa majina, wote wawili, aliyezikwa na ambaye bado. Kama baba yao atasimama mlangoni asikilize bila kuingia, mwacheni asimame.

Mchunguze binti: akianza kuficha chakula chini ya kitanda, kukataa kula, au kuamka akilia usiku baada ya usiku, mpeleke hospitali aonane na mshauri. Namba ya kusaidia watoto ni 116, haitozwi, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga. Niandikie ukishamjibu. Na baba watoto akitaka kuniandikia, hata kwa hasira, mwambie barua yake nitaifungua kabla ya nyingine zote.

Shangazi