Rufaa ya asilimia za ulemavu: pua na sainasi

SWALI: Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani nchini Iraq, na sasa tunaishi Wete. Idara ya Maveterani imempa asilimia 10 kwa sainasi, ilhali usiku hulala ameketi, kichwa amekiegemeza ukutani, leso imejaa usaha. Je, tukate rufaa?

JIBU: Naam, dada yangu, na msichelewe, kwa kuwa rufaa ikipelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, huilinda tarehe ya kuanzia malipo. Njia ni tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, mapitio ya afisa wa juu, ambayo hayapokei ushahidi mpya, au Bodi ya Rufaa.

Kwenu naona inafaa ya kwanza, maana kinachohesabiwa ni vipindi vya ugonjwa. Vipindi vitatu hadi sita kwa mwaka, vyenye maumivu ya kichwa na usaha, hupewa asilimia 10. Vikizidi sita, au vikiwa vitatu au zaidi vya kumlaza kitandani chini ya matibabu ya daktari, kwa antibayotiki za wiki nne hadi sita, hupewa 30. Basi kila kinapomshika mpelekeni hospitali, tarehe iandikwe. Nawe andika ushuhuda wako wa hizo taabu za usiku, hiyo leso na huo ukuta. Ushuhuda wa mke hupokelewa.

Daktari amtazame pia vinyama vya puani, kwani mafua sugu yenye vinyama hupewa asilimia 30.