Nyumbani kukikauka na wewe uko Nairobi

Mi naishi Rongai, wazee wako ndani ndani ya Kajiado, na mvua ikikataa tu simu zinaanza. Juzi jamaa wa kazini ananiuliza, sasa hiyo pesa ya nyasi ya ng'ombe unamtumia ami yako, atakurudishia lini? Nikacheka. Si kosa lake, huku mjini ni chama, ni sacco, ni mkopo wa simu, kila kitu kina tarehe. Kwetu Wamaasai ukishakuwa na mtu wa osotua, yaani rafiki wa kusaidiana kwa shida, hakuna daftari, mwenye shida ndio anaomba, anaomba kile kimempungukia tu, na wewe unatoa bora usibaki umekwisha. Madeni pia yako, hayo ni esile na yanalipwa, ila usichanganye na hii utakosana na wazee bure.

Sasa kama unataka kusaidia, saidia mapema. Ule ukame wa 2020 mpaka 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na kufikia mwisho ng'ombe amekonda hakuna mtu anamtaka sokoni halafu nyasi ndio hiyo imepanda bei. Ukituma wakati ng'ombe ameshalala chini hainuki, umetuma pesa ya mazishi.

Na baada ya mvua ndio watu wa mjini husahau, kumbe hapo ndio mtu anahitaji mbuzi jike wa kuanza upya. Kuna mama jirani yetu zizi lake liliisha, mzee wangu akashika mbuzi mmoja mwenye mimba, akampapasa kiwele, akamfungua meno akaangalia, akamkabidhi kamba, hakuna hotuba. Yule mama hajawahi kurudisha mbuzi na hakuna mtu ameuliza, lakini mamangu alipolazwa kijana wake ndiye alituchungia mpaka akatoka. Rafiki yangu Mborana wa Marsabit anasema kwao ni ukoo mzima unachangia aliyefilisika mifugo, wanaita busa gonofa.

Kitu kingine, mzee akikuambia umtumie pesa mtu humjui huko Narok, tuma kwanza maswali baadaye. Wazee huweka ng'ombe kwa marafiki mbali mbali ili kiangazi kimoja kisimalize wote, na pengine huyo ndiye anawalisha wenu.

Ukienda nyumbani wakakupa kibuyu cha maziwa ama mbuzi, beba. Hizi za "aah wachieni watoto, nyinyi ndio mna shida" ziache, unamwambia mtu mzima kwamba hana cha kutoa tena. Kondakta wa matatu atalalamika, mlipe ya mbuzi mwende.

Na kama huna, sema huna siku hiyo hiyo, usizime simu. Mwezi wa karo mi husema sina, ami anaitikia sawa, anapigia mwingine, na wiki ijayo ananipigia tu kunisalimia.