Jibu: Dick Savitt na Wimbledon ya 1951

Ndugu, umeuliza Myahudi wa kwanza kutwaa taji la Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya London, upande wa wanaume, mchezaji mmoja mmoja, na kwa nini alitoweka upesi. Ni Dick Savitt, Mmarekani mzaliwa wa Bayonne, New Jersey, 1927. Tenisi alijifunza mwenyewe bila mwalimu, kisha akachezea Chuo Kikuu cha Cornell.

Mwaka 1951 alibeba mataji mawili makubwa: Australia, kisha Wimbledon. Fainali zote mbili alimfunga Ken McGregor. Ile ya London kwa 6-4, 6-4, 6-4. Ila mechi ya kuitazama kwa makini ni nusu fainali ya Wimbledon dhidi ya Herb Flam, Myahudi mwenzake. Savitt alipoteza seti ya kwanza 1-6, akawa nyuma 1-5 katika ya pili, akaikomboa 15-13! Enzi hizo hapakuwa na taibreka (gemu maalumu ya kuamua seti iliyo sare), seti iliendelea mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Silaha yake ilikuwa mapigo mazito kutoka mstari wa nyuma, hasa ya mkono wa nyuma.

Kuhusu kutoweka: Desemba 1951 Marekani ilimwacha nje ya fainali ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa, ikafungwa na Australia 3-2. Kwangu lile lilikuwa kosa kubwa, maana McGregor, ambaye Savitt alikuwa amemfunga katika fainali mbili, alikuwemo katika kikosi cha Australia. Mapema 1952 Savitt akaacha tenisi ya kudumu, akaingia kwenye biashara. Alirudi kucheza kwa vipindi, na mwaka 1961 akachukua dhahabu ya Maccabiah, michezo ya Wayahudi wa dunia nzima, Israeli.